Umri wa Kubatizwa Usitutenge

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalozigawa familia nyingi za Kikristo, mara nyingi kimyakimya: je, mtoto mchanga abatizwe, au asubiriwe mpaka aamini mwenyewe? Katika nchi zetu swali hili halikai vitabuni. Mtaa mmoja una Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wamoravian wanaobatiza watoto wao wangali wachanga. Jirani zao Wabaptisti, Wapentekoste, Wasabato, Wamennonite na waumini wa Africa Inland Church huwabariki watoto kwa maombi, kisha hungoja siku watakayotubu na kubatizwa. Ndoa huvuka mipaka hiyo, na mtoto anapozaliwa ndipo ukoo wa mume na ukoo wa mke huanza kuvutana. Anayehama kanisa huambiwa kwamba alichofanyiwa utotoni hakikuwa ubatizo, alilowanishwa tu. Mzazi aliyeamua kungoja naye huambiwa kwamba anaichezea roho ya mwanawe. Hoja yangu leo ni hii: imani na ubatizo vinakwenda pamoja, wala hakuna Mkristo mwenye haki ya kuvitenganisha, lakini Maandiko na historia ya Kanisa havikuvifunga katika saa moja. Kwa hiyo umri aliobatizwa mtu si sababu ya haki ya kumkana Ukristo wake.

Tuzisikilize kwanza pande zote mbili zikisema lililo bora kwao, maana ugomvi mwingi hutokana na kujibu hoja ambayo mwenzako hakuitoa. Anayengoja mtoto akue hadharau watoto. Anasema ubatizo ni jibu la mtu aliyesikia Injili. Siku ya Pentekoste, katika sura ya 2 ya Matendo ya Mitume, watu walichomwa mioyo, Petro akawataka watubu, na waliolipokea neno lake wakabatizwa. Towashi wa Kushi katika sura ya 8 alifafanuliwa Maandiko na Filipo garini kabla ya kushuka majini. Kila anapoelezwa kwa kirefu mtu anayebatizwa, anaelezwa kama mtu aliyesikia na kusadiki. Hiyo ni hoja nzito, na asiyeiona uzito wake hajasoma vizuri. Anayebatiza mtoto naye hasemi kwamba maji yana nguvu za kiganga. Anasema ubatizo kabla ya kuwa tendo la mwanadamu ni tendo la Mungu; kwamba Petro siku ileile aliitaja ahadi kuwa ni ya wasikilizaji wake na ya watoto wao; kwamba Lidia, mlinzi wa gereza la Filipi na Stefana wa Korintho walibatizwa pamoja na nyumba zao; na kwamba Paulo, akiwaandikia Wakolosai, aliutaja ubatizo sambamba na tohara, ishara ambayo Israeli waliitoa kwa mtoto wa siku nane.

Ni nani mshindi kwa aya peke yake? Kwa uaminifu, hakuna. Hakuna aya inayosema waziwazi kwamba mitume walimbatiza mtoto mchanga, na habari za nyumba ya Lidia hazituambii kama mlikuwa na mtoto wa kunyonya. Lakini vilevile hakuna aya inayotuonyesha mtoto wa wazazi Wakristo akilelewa bila ubatizo, kisha akabatizwa alipofika umri wa kuamua. Sababu yake si siri. Agano Jipya limeandikwa katika kizazi cha kwanza cha utume, wakati Injili ilipokuwa inawafikia watu wazima waliotoka katika Uyahudi na katika dini za mataifa. Suala la kizazi cha pili, yaani la mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba iliyokwisha kuamini, halikujibiwa kwa amri ya moja kwa moja. Pande zote mbili zinafikia msimamo wao kwa kuunganisha mafundisho, na hilo si kosa. Mafundisho mengi ya Kanisa yamefikiwa hivyo. Kosa ni kuichukua hoja ya kuunganisha na kuitumia kama kwamba ni amri iliyotamkwa, ili kumhukumu nayo mwenzako.

Mahali Maandiko yasipotamka, inafaa tuwaulize waliofuata karibu na mitume, na hapo ndipo ninapouona ushahidi ulio wazi zaidi. Karibu na mwaka 200, huko Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, mwandishi Mkristo Tertuliani aliandika kitabu kizima juu ya ubatizo. Ndani yake aliwashauri watu wasiharakishe kuwabatiza watoto wadogo. Waje wakikua na kufundishwa, wasije wadhamini wakabebeshwa mzigo wa ahadi wasizoweza kuzitimiza. Ushauri huo unatufundisha kwamba desturi ya kubatiza watoto ilikuwapo tayari, maana mtu hapingi kisichofanyika. Unatufundisha pia kwamba Mkristo aliweza kuipinga waziwazi. Na lipo jambo la tatu lisilosemwa mara nyingi: Tertuliani hakudai kwamba waliobatizwa wachanga hawakubatizwa. Alidai kuwa ni afadhali kungoja. Nusu karne baadaye, katika mji uleule, Askofu Sipriani na baraza la maaskofu 66 waliulizwa kama mtoto angojwe afike siku ya nane kwa mfano wa tohara, wakajibu kwamba hata siku hizo nane hazihitajiki. Katika karne hiyo hiyo Origene, mwalimu wa Aleksandria na baadaye wa Kaisaria, aliandika kwamba Kanisa lilipokea kubatiza watoto wachanga kutoka kwa mitume.

Ukifika karne ya 4 unakuta mchanganyiko mkubwa zaidi. Gregori wa Nazianzo, mmoja wa walimu wakuu wa Kanisa la Mashariki, alikuwa mtoto wa askofu, na hata hivyo alibatizwa akiwa mtu mzima. Augustino alizaliwa mwaka 354 na Monika, mama ambaye uchaji wake unajulikana hadi leo, lakini hakubatizwa mpaka Pasaka ya mwaka 387, huko Milano, kwa mkono wa Askofu Ambrosi. Gregori huyo huyo, akihubiri mwaka 381, alishauri watoto wabatizwe wakiwa na umri wa miaka mitatu hivi, waweze kusikia na kujibu kidogo. Ila mtoto akiwa hatarini, abatizwe mara moja. Mtu atasema kwamba wengi walioahirisha ubatizo wakati ule waliogopa dhambi za baada ya kubatizwa, hawakuwa na hoja ya Wabaptisti wa leo. Ni kweli, wala siwageuzi kuwa Wabaptisti. Ninachosema ni kwamba katika Kanisa moja, kwenye meza moja ya Bwana, walikaa pamoja watu waliobatizwa siku chache baada ya kuzaliwa na watu waliobatizwa wakiwa na ndevu, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba yeye si Mkristo kwa sababu ya umri huo. Walitofautiana juu ya wakati. Hawakukanana juu ya ubatizo wenyewe.

Basi ukali wa leo ulitoka wapi? Sehemu yake ilitokana na mafundisho. Augustino, alipopambana na mwalimu Pelagio juu ya neema, alisisitiza kwamba hata mtoto mchanga anahitaji ondoleo la dhambi, na mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukaliweka hilo katika kanuni. Kuanzia hapo kuchelewa kulionekana kuwa ni hatari. Sehemu kubwa zaidi ilitoka katika siasa. Katika Ulaya ya karne zilizofuata, kuzaliwa katika mji na kubatizwa katika parokia ya mji huo vilikuwa karibu kitu kimoja. Asiyembatiza mwanawe alionekana kuwa anaukataa utii kwa serikali. Mwaka 1525 baraza la mji wa Zurich, Uswisi, liliamuru wazazi wote wawabatize watoto wao, na watakaokataa wafukuzwe. Siku chache baadaye, tarehe 21 Januari, kikundi kidogo cha waumini kilikutana faraghani, na Conrad Grebel akambatiza George Blaurock, mtu mzima. Felix Manz, mwenzao, alizamishwa katika mto Limmat tarehe 5 Januari 1527 mpaka akafa, na waliomhukumu walikuwa Wakristo waliojiita wanamatengenezo. Wamennonite, ambao wamishonari wao walifika Shirati, katika mkoa wa Mara wa leo, mwaka 1934, ni warithi wa mapokeo yale. Damu ile lazima itajwe, na makanisa yanayobatiza watoto yasiipite haraka. Lakini hapa kwetu hakuna serikali inayomlazimisha mtu abatize mwanawe. Tumeurithi ukali wa ugomvi ule bila kuzirithi sababu zake.

Tukiiweka siasa kando, linabaki swali lenyewe la wokovu: imani ni nini, na mtoto ana nini cha kufanya nayo? Paulo aliwafundisha Waefeso kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na kwamba hilo halikutoka kwetu. Kwa hiyo imani ni mkono unaopokea, wala si malipo yanayonunua. Martin Luther, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba imani haiufanyi ubatizo kuwa ubatizo, bali inaupokea. Tulipime neno hilo kwa kisa cha Simoni mchawi wa Samaria, katika Matendo sura ya 8. Simoni alikuwa mtu mzima, akaamini, akabatizwa. Muda mfupi baadaye alitaka kuinunua karama ya Mungu kwa fedha, na Petro akamwambia kwamba moyo wake haukuwa mnyofu. Je, Petro alimwagiza nini? Atubu na kuomba msamaha. Hakumwagiza abatizwe upya. Imani ya Simoni ilionekana kuwa mbovu, lakini dawa iliyotolewa ilikuwa toba. Kama uhalali wa ubatizo ungepimwa kwa ubora wa imani ya siku ile, hata aliyezamishwa akiwa na miaka 30 asingekuwa na uhakika, maana ni nani kati yetu anayeweza kuapa kwamba siku ile moyo wake ulikuwa safi kabisa?

Mama humsemesha mtoto wake mchanga tangu siku ya kwanza. Humwita jina, humbembeleza, humuuliza maswali, wala hangoji kwanza mtoto ajue lugha. Ni kwa kusemeshwa ndipo mtoto hujifunza kusema, na siku atakapojibu, jibu litakuwa lake kweli. Wanaobatiza watoto wanaamini kwamba Mungu hufanya vivyo hivyo: huanza yeye, na imani ya mtoto huja kama jibu. Lakini mfano huu una makali pande zote mbili. Mtoto aliyesemeshwa siku moja, kisha akaachwa bila neno tena, hatajua kusema. Na mtoto aliyebatizwa Jumapili moja, kisha asifundishwe sala wala Neno, wala asione imani ikiishi nyumbani kwao, amepewa ahadi ambayo hakuna aliyemwambia kwamba ni yake.

Sasa tuzijibu pingamizi. Ya kwanza inatoka katika Marko sura ya 16, ambapo kuamini kunatajwa kabla ya kubatizwa. Basi, wanasema, mpangilio ni huo na mtoto mchanga hawezi kuufuata. Lakini tuusome mstari huo mpaka mwisho. Unasema pia kwamba asiyeamini atahukumiwa. Tukiutumia kwa watoto wachanga katika sehemu yake ya kwanza, itatubidi tuutumie na katika sehemu ya pili, na hapo tutawahukumu watoto wote, wa Wabaptisti kwa wa Wakatoliki. Hakuna upande unaokubali hilo. Maana yake ni kwamba mstari ule unawahusu watu wanaohubiriwa na kuweza kupokea au kukataa; haukuandikwa kuamua habari za watoto. Tena katika Injili hiyo hiyo, sura ya 2, mtu mwenye kupooza aliletwa na watu wanne, na Yesu alitazama imani yao wale waliomleta. Imani ya wengine inaweza kumfikisha mtu miguuni pa Bwana. Ila mtu yule aliambiwa asimame na kwenda mwenyewe, na hivyo ndivyo ilivyo kwa mtoto: imani ya wazazi inamfikisha, lakini haiamini badala yake maisha yake yote.

Pingamizi ya pili ndiyo nzito kuliko zote, nayo inatoka katika maisha. Wanasema: tazameni matunda. Makanisa yamejaa watu waliobatizwa utotoni, wakapata kipaimara, na hawamjui Mungu. Hilo si uzushi wa wapinzani. Lilisemwa kwa sauti kubwa kuliko zote na watu wa ndani ya makanisa hayo hayo. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ndani ya misheni ya Kianglikana, ulienea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, na swali la walokole lilimlenga hata mchungaji: ndugu, umeokoka? Waliwaita Wakristo waliobatizwa watubu, waungame dhambi hadharani, wapatane na waliowakosea. Lakini tuangalie walichofanya baadaye. Wengi wao walibaki katika makanisa yao, wakaendelea kupeleka watoto wao kubatizwa. Kukosa imani iliyo hai hawakukuona kuwa ni kukosa ubatizo. Walikuona kuwa ni deni la ubatizo ambalo halijalipwa, nao wakawadai wenye deni. Hilo kwangu ni jibu lenye hekima kubwa, tena limetoka katika ardhi yetu wenyewe.

Hata hivyo jibu hilo linayafunga makanisa yanayobatiza watoto. Kama hoja yao ni kwamba imani itakuja kwa malezi, basi hawana ruhusa ya kubatiza bila kujali malezi. Kanisa Katoliki limeliandika hilo katika sheria yake ya mwaka 1983, kanuni ya 868: lazima kuwe na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani, na tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo uahirishwe. Kanuni hiyo ni nzuri. Lakini mahali pengi mtoto hubatizwa kwa sababu sherehe imekwisha kuandaliwa, au kwa sababu cheti kitahitajika siku ya ndoa. Wasimamizi huchaguliwa kwa uwezo wao wa kutoa zawadi, kumbe waliapa kumlea mtu katika imani. Kanisa likienda hivyo, linampa Mbaptisti hoja yake bure, na Mbaptisti yuko sahihi kuitumia.

Pingamizi ya tatu inauliza: kama kuna shaka, kwa nini mtu asibatizwe tena ili awe na uhakika? Ndugu zetu wanaongoja watu wazima hujibu kwamba kwao huo si wa pili, ni wa kwanza, na dhamiri yao katika hilo inastahili heshima. Lakini uhakika unaotafutwa katika maji mapya hautakaa muda mrefu, maana imani itadhoofika tena, na ukishazoea kutibu udhaifu wa imani kwa kubatizwa, hutajua pa kuishia. Tena wapo waliouona ubatizo wa watoto kuwa una kasoro na hata hivyo wakakataa kuwatenga waliobatizwa hivyo. John Bunyan, mhubiri wa Bedford aliyefungwa miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali, aliandika mwaka 1673 kwamba tofauti za ubatizo wa maji zisiwe kizuizi cha kushiriki meza ya Bwana. Karl Barth, mwanatheolojia wa Uswisi, katika mhadhara wake wa mwaka 1943 aliukosoa vikali ubatizo wa watoto, lakini akasema ni ubatizo wa kweli, usirudiwe. Na huko India mwaka 1970 Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, Wabaptisti na wengine waliungana kuwa Kanisa moja la India Kaskazini, linalokubali desturi zote mbili: mzazi wa kubatiza anabatiza, mzazi wa kungoja anangoja. Kwa hiyo hili ninaloliomba limekwisha kujaribiwa, na Kanisa hilo limesimama.

Inabaki pingamizi ya upande wa pili, ile inayomtisha mzazi kwamba mtoto akifa bila ubatizo amepotea. Neno hilo limewaumiza kina mama wengi waliofiwa na watoto, na halina haki ya kusemwa kwa ukali namna hiyo. Mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu aliahidiwa peponi bila tone la maji. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Theolojia ya Kanisa Katoliki, kanisa ambalo linausisitiza ubatizo wa watoto kwa nguvu zote, ilitoa hati iliyoeleza kwamba zipo sababu kubwa za kutumaini kuwa watoto wanaokufa bila ubatizo wanaokolewa na Mungu. Mungu amejifunga kuwapo katika ubatizo, lakini hakujifunga asiweze kuokoa nje yake. Anayembatiza mtoto ambatize kwa furaha ya ahadi. Akimbatiza kwa woga, amemfanya Baba wa Bwana wetu Yesu aonekane kama hakimu anayengoja mtoto akosee muda.

Wasikilizaji, kutokana na haya yote ninaona kila upande una deni la kulipa. Kanisa linalobatiza watoto lina deni la mafundisho: lisibatize asiye na wa kumlea, na lisimpe kijana kipaimara kama zawadi ya kumaliza darasa, bali limuulize kwa dhati kama anaamini, na likubali kungoja akisema bado. Kanisa linalongoja lina deni la kuwahesabu watoto wake kuwa ni wa Kristo hata kabla hawajazamishwa, na la kumpokea Mkristo aliyebatizwa utotoni, ambaye imani yake inaonekana katika maisha, bila kumtaka aukane ubatizo wake kama masharti ya kuingia. Na mzazi, awe wa kubatiza au wa kungoja, ana deni moja lisilo na tofauti ya madhehebu: mtoto amsikie akiomba, na amwone akitubu anapokosea. Wakorintho walipogombana kwa sababu ya nani alimbatiza nani, Paulo aliwauliza kama Kristo amegawanyika. Swali hilo linatuhusu sisi tunaogombana juu ya lini. Kama jibu letu ni hapana, basi tuliishi jibu hilo kwa kushiriki meza moja na mwenzetu tuliyetofautiana naye juu ya siku ya ubatizo.